"Kula mwanangu, mko wawili": Maneno matamu yaliyotaka kumuua dada yangu

Leo naomba tuweke kando stori za wapenzi kununiana na mawifi kurushiana vijembe. Nina jambo linalonikaa rohoni tangu mwaka 2019, na kila nikimwona mama mjamzito kwenye kibanda cha chipsi jioni, linanirudia.

Dada yangu wa tumbo moja alishika mimba yake ya kwanza mwaka huo akiwa na miaka 28. Alikuwa na miaka minne kwenye ndoa, na si unajua maneno ya watu? Mwanamke akikaa miaka minne bila mtoto, mtaa mzima unamhesabia miezi kuliko anavyojihesabia mwenyewe. Kwa hiyo mimba ilipoingia, ilikuwa sherehe. Mama akahamia kwa dada pale Tandika, mie nikapelekwa kumsaidia kazi za nyumbani, na shemeji akatoa amri moja tu: mke wangu asikose kitu.

Na kweli hakukosa. Asubuhi chai ya maziwa na chapati tatu. Saa nne supu na maandazi. Mchana wali wa nazi, sahani inafura kama kichuguu. Jioni natumwa mimi kibandani: chipsi mayai, mishkaki miwili na soda ya baridi. Dada akisema jamani nimeshiba, mama anamsogezea sahani kwa sauti ile ya upole ambayo huwezi kuikatalia: "Kula mwanangu, mko wawili."

Mwili ukaitika. Mashavu yakajaa, shingo ikaingia ndani, pete ya ndoa ikavuliwa kwa sabuni. Wageni wakija wanampongeza shemeji: "Hapo sawa, mke anatunzwa!" Shemeji anacheka mpaka jino la mwisho. Hakuna hata mmoja wetu aliyeona ubaya. Unene kwetu ni neema, na mwanamke akikonda ndiyo maneno yanaanza. Mume hamtunzi, au atakuwa ameukwaa. Bora bonge kuliko kusemwa.

USIKU WA JUMAMOSI

Ijumaa moja, mimba ikiwa na wiki 34, dada akaanza kulalamika kichwa. Akanywa vidonge vya maumivu, kichwa hakikusikia. Akasema anaona vinyota machoni. Akasema tumbo linamkaba hapa juu, chini ya mbavu. Mama akasema hicho kiungulia, mtoto ana nywele nyingi. Jirani akasema upepo mbaya, atafutwe mtu wa kumsomea. Miguu na uso vilikuwa vimevimba, lakini hilo tulishalizoea. Tena kliniki ya mwisho alikuwa hajaenda. Alisema miguu inamuuma, daladala zimejaa, atakwenda wiki ijayo.

Jumamosi usiku niko naosha vyombo, nikasikia kishindo sebuleni. Nimekimbia nikamkuta dada chini, macho yamegeuka, anatupa mikono na miguu, povu linamtoka. Mama anapiga kelele. Shemeji kashika kichwa. Mimi nilikuwa na sufuria mkononi na sikujua niiweke wapi.

Mungu si Athumani, bajaji ilikuwa inapita. Hospitalini manesi walimlaza kwa ubavu, wakamchoma sindano ya magnesiamu salfeti, ile dawa ya kuzuia degedege la uzazi, wakamwekea na dawa ya kushusha presha. Usiku ule ule akapelekwa chumba cha upasuaji. Mtoto alitoka na kilo 1.9, njiti. Dada alizinduka vizuri siku ya pili, akauliza, "Tumbo langu liko wapi?"

Ugonjwa ule unaitwa kifafa cha mimba. Pamoja na jina lake, hauna uhusiano na kifafa cha kawaida wala na mashetani. Ni presha inayopanda baada ya wiki 20 za ujauzito na kuanza kuharibu figo, ini na hata ubongo. Ukifika hatua ya degedege, mama na mtoto wote wako mlangoni.

KADI KWENYE MKOBA

Asubuhi yake daktari alituita, mama, shemeji na mimi. Hakutugombeza. Alichukua kadi ya kliniki ya dada, akaiweka mezani, akauliza, "Nani hapa alikuwa anaisoma hii?"

Tukatazamana. Ile kadi ilikaa kwenye mkoba. Tulijua ni ya kuonyesha mlangoni, basi. Daktari akatuwekea kidole. Mwezi wa tano, uzito kilo 91, presha 120 kwa 80. Mwezi wa saba, uzito kilo 104, presha 135 kwa 88. Kilo 13 kwa miezi miwili. Akasema presha ya mjamzito ikifika 140 kwa 90 ni hatari, na huyu alikuwa anakaribia. Kliniki aliyoikosa ndiyo ingemkamata.

Akatuambia na neno la haki, nami nalirudia hapa ili nisije nikawatia watu hofu bure: unene peke yake siyo unaoleta kifafa cha mimba. Wembamba wanakipata, hasa mimba ya kwanza. Ila mwanamke aliyeanza mimba akiwa mnene sana, hatari yake ni kubwa zaidi kuliko ya mwenye uzito wa kawaida. Na kilo zinapopanda ghafla kwa siku chache, mara nyingi hicho siyo chakula tena. Ni maji yanayojaa mwilini, na ni dalili ya kukimbilia hospitali.

Mimi nilikuwa nawaza chipsi. Nani alikuwa anazibeba kila jioni kwenye gazeti la jana? Mimi.

KWANI UNENE UNA TATIZO GANI?

Mimi siyo daktari, nimeishia kidato cha nne. Lakini tangu siku ile nimekuwa king'ang'anizi. Dada akienda kliniki nakwenda naye, nauliza mpaka manesi wananijua. Niliyoyapata nakumegea.

La kwanza ni presha, hilo nimeshalieleza. La pili ni kisukari cha mimba. Kondo la nyuma, lile linalomlisha mtoto, hutoa homoni zinazoifanya insulini ya mama isifanye kazi sawasawa. Mwili wa kawaida unajitahidi kuongeza insulini. Mwili uliokwisha elemewa na mafuta unashindwa, sukari inabaki kwenye damu. Sukari hiyo inavuka kwa mtoto, naye ananenepa humo humo tumboni.

Hapo ndipo tunapodanganyika. Mtaani mtoto akizaliwa na kilo nne na nusu vigelegele vinapigwa, "Kidume hicho!" Lakini muulize mkunga. Mtoto mkubwa kupita kiasi kichwa kinaweza kutoka halafu mabega yakakwama. Pale kinachohesabiwa ni dakika. Mama anaweza kuchanika vibaya na kutoka damu nyingi, mtoto anaweza kuumia mkono au kukosa hewa. Na akishatoka, sukari yake inaweza kushuka ghafla kwa sababu alizoea kulishwa sukari ya mama.

La tatu ni kisu. Wajawazito wanene huishia kwa upasuaji mara nyingi zaidi, na kidonda chao hukawia kupona au huingia wadudu. Damu nayo inaweza kuganda kwenye mishipa ya miguu. Hata kile kipimo cha kumwangalia mtoto tumboni hakioni vizuri kupita kwenye mafuta mengi.

Usidhani ni tatizo la wake za matajiri wa Masaki. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa katika kila wanawake 100 wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49, 28 walikuwa na uzito uliozidi. Zaidi ya robo! Ni sisi hawa hawa wa Tandika, Manzese na Buguruni, tunaokaa kutwa kwenye genge au cherehani na kula vya mafuta kwa sababu ndivyo vilivyo karibu.

KILO NGAPI ZINATOSHA?

Hili ndilo swali nililomuuliza nesi mmoja mtu mzima, mcheshi kweli kweli. Akachukua daftari, akanipigia hesabu kama muuza duka.

"Mtoto, tuseme kilo tatu na nusu. Kondo la nyuma, kama gramu 700. Maji ya uzazi, karibu kilo moja. Mfuko wa uzazi uliotanuka, kilo moja. Matiti, nusu kilo. Damu iliyoongezeka, kilo moja na nusu. Maji mengine ya mwili, kilo moja na nusu. Mafuta ya akiba kwa ajili ya kunyonyesha, kilo tatu. Jumlisha."

Nikajumlisha, nikapata kama 12 na ushee.

"Sasa," akasema, "mtu ambaye akiba ya mafuta anayo tayari tangu kwa mama yake, hiyo ya ziada anaipeleka wapi?"

Ndiyo maana hesabu haiwi moja kwa wote. Kwanza ujue ulipoanzia. Chukua uzito wako wa kabla ya mimba, gawanya kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Dada ana urefu wa mita 1.60. Zidisha 1.60 kwa 1.60 unapata 2.56. Mtu wa urefu huo mwenye kilo 90 anapata 35. Chini ya 18.5 ni wembamba uliopitiliza. Kuanzia 18.5 mpaka karibu 25 ni kawaida. Kuanzia 25 uzito umezidi, na 30 kwenda juu ni unene wa hatari.

Mwongozo unaotumika sana, uliotolewa na Taasisi ya Tiba ya Marekani mwaka 2009, unasema hivi kwa mimba ya mtoto mmoja: mwembamba aongezeke kilo 12.5 hadi 18. Wa kawaida, 11.5 hadi 16. Aliyezidi uzito, 7 hadi 11.5. Mwenye unene wa 30 kwenda juu, kilo 5 hadi 9 tu kwa miezi yote tisa. Dada yangu alimaliza zote hizo, na zaidi, ndani ya miezi miwili.

Na ile "mko wawili"? Miezi mitatu ya kwanza mwili hauhitaji chakula cha ziada cha maana. Miezi mitatu ya katikati, nyongeza ni kama kalori 340 kwa siku, yaani kikombe cha maharage yaliyopikwa na ndizi mbivu moja. Miezi ya mwisho kama 450. Basi! Huyo wa pili anayetajwa ana ukubwa wa embe, hali sahani ya wali.

MIMBA YA PILI

Kabla ya kutoka hospitali dada alikaa wodini wiki tatu na mwanawe amembeba kifuani ngozi kwa ngozi, mpaka mtoto akashika uzito. Leo kijana ameshaanza shule, mtundu kama nini. Lakini dada aliapa hazai tena. Shemeji hakumlazimisha.

Ikapita miaka mitatu. Katika muda ule dada alipungua taratibu, bila dawa za kichina wala chai za kukondesha. Alinyonyesha, akaacha soda, akawa anashuka daladala vituo viwili kabla ya nyumbani. Majirani wakasema weee, wakachoka. Alishika mimba ya pili mwaka 2022 akiwa na kilo 88. Bado mnene, sikatai. Lakini safari hii alikwenda kliniki kabla mimba haijafika miezi mitatu, akaeleza yote yaliyompata. Daktari akamwandikia aspirini ya kiasi kidogo ya kumeza kila siku, ambayo hupewa wenye hatari ya kifafa cha mimba. Nasisitiza, ni daktari aliyeandika. Usiende duka la dawa kujinunulia.

Na mimi nikapewa kazi mpya: kusoma kadi. Nikaibandikia karatasi ukutani jikoni, tarehe, kilo, presha. Mama alikuja tena, na vita ilikuwa hapo. Siku ya kwanza akapika wali wa nazi akajaza sahani. Dada akachota nusu, akarudisha. Mama akanuna. "Mnataka kumuua mjukuu wangu na njaa?" Nikamwambia, "Mama, mwaka ule tulimpa vyote, na ulimwona pale chini." Akanyamaza. Kesho yake akaenda mwenyewe sokoni, akarudi na matembele mafungu matatu.

Sahani ya dada ikawa hivi: nusu mboga za majani, robo ugali wa dona au wali kiasi cha ngumi, robo maharage, dagaa, samaki au yai. Matunda aliyala mazima, chungwa au kipande cha papai, siyo juisi ya kutia sukari. Mafuta tulipima kwa kijiko, maana kijiko kimoja kikubwa kina karibu kalori 120 na sisi tulikuwa tunamimina kwa macho. Soda ilikatazwa. Chupa moja ya mililita 350 ina karibu vijiko vinane au tisa vya chai vya sukari, na yeye zamani alikuwa anakunywa mbili kwa siku. Chapati haikufukuzwa. Jumapili moja, kwa raha zake.

Jioni tunatembea nusu saa kwenda na kurudi sokoni, mwendo wa kuweza kuongea lakini siyo wa kuimba. Shirika la Afya Duniani linashauri mjamzito asiye na katazo la daktari apate dakika 150 za mazoezi ya kadiri kwa wiki. Kutembea kunatosha. Alipofika mwezi wa sita akapimwa sukari, ikawa salama.

Usinielewe vibaya, hakujinyima. Mjamzito hafanyi diet ya kukonda, hafungi kula ili apendeze, hamezi vidonge vya kupunguza mwili. Anakula vizuri na kuongezeka taratibu. Vidonge vya kuongeza damu vya kliniki alikuwa anameza kama kawaida.

Mpaka siku ya kujifungua alikuwa na kilo 95. Aliongezeka 7 tu. Alizaa wiki ya 39, kwa kisu tena, lakini kisu cha kupangwa, mchana kweupe, huku akiwa ametupa orodha ya vitu vya kubeba. Msichana, kilo 3.1. Presha haikuvuka mpaka hata siku moja. Shemeji alilia pale nje, akasingizia vumbi.

KWENU WAUME, MAMA NA MASHOGA

Nimalizie kwa ushauri wa bure. Shoga yangu unayepanga kuzaa, kama mwili umezidi, wakati mzuri wa kuupunguza ni kabla ya mimba. Ukishashika, lengo ni kuzuia zisizidi, siyo kukonda. Wahi kliniki. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri mahudhurio manane, siyo manne kama zamani. Kila ukipimwa uliza: kilo zangu ngapi, presha yangu ngapi? Ni haki yako.

Kichwa kikiuma sana na hakiachii, ukiona vinyota au ukungu, tumbo likikaza juu chini ya mbavu, uso na mikono vikivimba ghafla, mtoto akipunguza kucheza, usisubiri kesho na usiite wa kukusomea kwanza. Panda chochote kilichopo, nenda hospitali hata kama ni saa nane za usiku.

Wewe baba, mapenzi kwa mkeo mjamzito siyo kumrundikia chipsi. Msindikize kliniki, tembea naye jioni, isome kadi. Na mama zetu, hatusemi mlitulea vibaya. Nyie mlipika huku mkichota maji kisimani na kutwanga kinu. Siku hizi maji yako bombani, unga tunanunua dukani, lakini sahani imebaki ile ile.

Mimi chipsi bado nakula, nisiwe mnafiki. Ila jana jioni pale kibandani nilimkuta dada mmoja, tumbo kama la miezi saba, miguu imejaa mpaka kandambili hazimtoshi. Nikamsalimia, nikamuuliza kliniki yake lini. Akasema aliruka ya mwezi huu, miguu inamuuma. Nimemsimulia hii habari yote huku chipsi zake zinapoa. Ameniahidi kwamba leo asubuhi ataenda.

Tukijaaliwa, tukutane wiki ijayo.